MONO NA STEREO: KWA NINI SAHANI NDOGO ZA ZAMANI ZISIDHARAULIWE

Katika nyumba nyingi, juu ya kabati au chini ya kitanda, mna masanduku ya sahani za santuri zilizoachwa na wazee. Zilizo nyingi ni zile sahani ndogo za inchi 7, zizungukazo mara 45 kwa dakika, zenye wimbo mmoja upande huu na wimbo mwingine upande wa pili. Siku hizi vijana wamezirudia, na zile za wapigaji mashuhuri wa Uingereza na Marekani huuzwa kwa bei kubwa. Kila ziuzwapo huzuka swali lile lile: je, sahani hii ni ya mono au ni ya stereo?

Wengi hudhani kwamba jibu lake ni rahisi. Husema kuwa stereo ilikuja baadaye, kwa hiyo ndiyo bora, na kwamba mono ni kitu cha kimaskini kilichovumiliwa tu mpaka kizuri kilipopatikana. Dhana hiyo ina haki yake kwa sahani kubwa za muziki wa okestra. Lakini kwa nyimbo za vijana zilizotolewa katika sahani ndogo kabla ya mwaka 1969, mara nyingi mambo huwa kinyume kabisa: sauti ya mono ndiyo waliyoikubali wenye wimbo, na ile ya stereo ilitengenezwa baadaye kwa haraka, au haikutengenezwa kabisa. Tena ziko nyimbo ambazo hapana tepe yake ya kwanza iliyosalia duniani. Kwa hiyo anayetupa sahani ya mono kwa kuiona duni yafaa ajue kwanza anatupa nini.

MAANA YA MANENO HAYO

Mwanadamu ana masikio mawili, yaliyoachana kwa kadiri ya sentimita 18. Mtu aliyekaa barazani usiku wa giza, ngoma ikalia upande wake wa kuume, mlio hulifikia sikio la kuume kwanza, kisha la kushoto. Tofauti ya muda huo haifiki hata sehemu moja katika elfu ya sekunde, lakini akili huitambua, naye mtu hugeuza uso kuelekea ngomani bila kukosea. Sikio moja peke yake haliwezi kufanya hivyo vema.

Basi mono ni sauti iliyopitishwa katika njia moja. Waimbaji, magitaa na ngoma zote hukusanywa na kutolewa pamoja, kama watu wa nyumba nzima wanaotoka kwa mlango mmoja. Hata mtu akiweka spika mbili au kumi, kila moja itasema maneno yale yale kwa wakati ule ule. Stereo ni sauti iliyopitishwa katika njia mbili zilizo mbalimbali, moja ya spika ya kushoto na moja ya spika ya kuume, ili msikilizaji aketiye katikati aone kana kwamba huyu anaimba hapa, na yule anapiga gitaa pale.

Aliyefikiri jinsi ya kuziandika njia mbili hizo katika sahani moja alikuwa Mwingereza, Bwana Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI. Inasimuliwa kwamba alikuwa katika sinema, akaudhika kuona mchezaji anatembea upande mmoja wa pazia huku sauti yake ikitoka upande mwingine. Tarehe 14 Desemba 1931 alipeleka maombi ya hataza ya uvumbuzi wake, na mwezi wa Januari 1934 alijaribu mitambo yake katika studio ya kampuni iliyoko Abbey Road, London, okestra ya London Philharmonic ikipiga muziki wa Mozart chini ya uongozi wa Thomas Beecham. Majaribio yalifaulu, lakini hayakuingia sokoni. Bwana Blumlein mwenyewe hakuishi kuyaona matunda yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwekwa katika kazi ya siri ya rada, na tarehe 7 Juni 1942 akafa ndani ya ndege ya majaribio iliyoanguka na kuwaka moto. Alikuwa na umri wa miaka 38. Ilikuwa mwaka 1958 ndipo makampuni ya Marekani na Uingereza yalipoanza kuuza sahani za stereo kwa watu wote, kwa mpango ule ule wa mfereji alioueleza zaidi ya miaka ishirini na mitano nyuma.

MFEREJI NA SINDANO

Mpango huo wastahili kuelezwa, kwa sababu ndio unaoonyesha jinsi sahani ziwezavyo kuharibiwa na mtu asiyejua.

Katika uso wa sahani mna mfereji mmoja mwembamba, unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na kitovu. Katika sahani ya mono mfereji huo huyumba kushoto na kuume tu, kama nyoka apitavyo mchangani. Sindano huyumba nao, na kuyumba huko ndiko kunakogeuzwa kuwa umeme, kisha kuwa sauti. Katika sahani ya stereo kuta mbili za mfereji, ambazo zimelala kama herufi V, hubeba kila moja sauti yake: ukuta ulio upande wa kitovu hubeba sauti ya kushoto, na ukuta ulio upande wa ukingo hubeba sauti ya kuume. Kuta zisipofanana, sindano haiyumbi tu, bali hupanda na kushuka pia, kama mtumbwi juu ya mawimbi.

Hapo ndipo ulipo uhodari wa mpango wenyewe. Sauti iliyo sawasawa katika njia zote mbili huifanya sindano iyumbe kushoto na kuume tu, bila kupanda wala kushuka, yaani vile vile kama katika sahani ya mono. Kwa hiyo sahani ya mono hupigwa bila taabu katika gramafoni ya stereo, na spika zote mbili hutoa sauti moja.

Lakini kinyume chake kina hatari. Vichwa vya gramafoni vya zamani vilitengenezwa kwa ajili ya kuyumba tu, navyo vilikuwa vizito na vigumu. Kichwa cha namna hiyo kikiwekwa juu ya sahani ya stereo, sindano haikubali kupanda na kushuka. Hulazimisha njia yake, na kuikwangua kabisa ile sehemu ya mfereji inayotofautisha kushoto na kuume. Madhara hayo hayaponi. Ndiyo sababu sahani nyingi za stereo za miaka ile ziliandikwa onyo juu ya jalada kwamba zisipigwe katika gramafoni isiyo ya stereo.

Unene wa sindano nao ni jambo la kuangaliwa. Ncha ya sindano ya mono ya sahani za plastiki ilikuwa na nusu-kipenyo cha sehemu 25 katika elfu ya milimita. Ile ya stereo ni kama sehemu 18. Sahani za zamani zaidi zizungukazo mara 78, ambazo zote za biashara ni za mono, zataka sindano nene ya kadiri ya sehemu 75. Nyimbo za Siti binti Saad wa Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, zilitoka katika sahani za namna hiyo. Mwenye kupiga sahani ya mizunguko 78 kwa sindano ya stereo huisikia sindano ikizurura chini ya mfereji na kuokota vumbi, kisha huisingizia sahani kuwa ni mbovu.

KWA NINI SAHANI NDOGO ZILIBAKI MONO

Ikiwa stereo ilikuwapo tangu 1958, kwa nini sahani ndogo ziliendelea kuwa za mono kwa zaidi ya miaka kumi? Makampuni ya Marekani yalijaribu mapema kuuza sahani ndogo za stereo, lakini wanunuzi hawakuzitaka.

Sababu ni wanunuzi wenyewe. Sahani ndogo, iliyoanzishwa na kampuni ya RCA Victor mwaka 1949, ilikuwa bidhaa ya vijana. Kijana wa Liverpool au Detroit hakuwa na mtambo mkubwa wa spika mbili sebuleni; huo ulikuwa mali ya baba, kama alikuwa nao. Yeye alikuwa na gramafoni ndogo ya kubeba mkononi kama sanduku la safari, mathalan zile za Dansette, yenye spika moja mbele. Nje ya nyumba aliusikia wimbo katika mashine za kutia sarafu mikahawani, na zaidi ya yote katika redio. Redio ya Luxembourg iliyosikika usiku katika mita 208, redio ya melini ya Caroline iliyoanza mwaka 1964, hata Radio 1 ya BBC iliyofunguliwa tarehe 30 Septemba 1967 katika mita 247, zote zilikuwa za mawimbi ya kati na za mono. Nchini Marekani utangazaji wa stereo ulianza mwaka 1961, lakini vituo vya nyimbo za vijana vilibaki katika mawimbi ya kati.

Basi mafundi wa studio walifanya kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili: walitengeneza kitu kwa kufuata mahali kitakapotumika. Wimbo ulichanganywa ili upenye katika spika moja ndogo, ndani ya gari linalonguruma au chumba chenye watu wanaocheza dansi. Kuchanganya sauti kwa mono ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Katika stereo gitaa na sauti ya mwimbaji zaweza kutenganishwa kwa kupelekwa pande mbili. Katika mono hakuna pa kukimbilia. Kila ala lazima ipate nafasi yake kwa ukubwa wa sauti, kwa wembamba au unene wake, na kwa mwangwi.

Wengine waliipenda mono kwa moyo. Phil Spector wa Marekani alijaza wapigaji wengi katika chumba kimoja cha studio ya Gold Star mjini Los Angeles, na kuziyeyusha ala zao zote kuwa kishindo kimoja, kama katika wimbo wa Ronettes uitwao "Be My Baby" wa mwaka 1963. Kukitawanya kishindo hicho kushoto na kuume ni kukivunja. Brian Wilson wa Beach Boys, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa kiziwi wa sikio la kuume tangu utotoni. Stereo kwake haikuwa na maana yo yote. Sahani yake kubwa ya "Pet Sounds" ilitolewa kwa mono mwaka 1966, na watu hawakupata mchanganyo wa kweli wa stereo mpaka mwaka 1997.

MFANO WA BEATLES

Mfano ulio wazi kupita yote ni wa vijana wanne wa Liverpool, kwa kuwa kazi yao ya studio imechunguzwa siku kwa siku.

Walipoanza kuimba katika studio ya EMI mwaka 1962, utepe wa kunasia sauti ulikuwa na njia mbili tu. Mzalishaji wao, Bwana George Martin, aliweka ala katika njia moja na waimbaji katika njia ya pili. Hakufanya hivyo kwa ajili ya stereo, bali ili baadaye aweze kupima vizuri kiasi cha waimbaji juu ya ala wakati wa kuziunganisha kuwa mono. Lakini wauzaji walipotaka sahani kubwa za stereo, njia mbili hizo zilitolewa vivyo hivyo: magitaa na ngoma kushoto, waimbaji kuume, katikati patupu. Anayesikiliza kwa vipokezi vya masikioni huona kana kwamba waimbaji wamesimama nje ya nyumba. Tarehe 17 Oktoba 1963 walianza kutumia utepe wa njia nne, lakini desturi ya kuitukuza mono haikubadilika. Wenyewe walikuwa wakihudhuria michanganyo ya mono. Ile ya stereo mara nyingi waliwaachia mafundi. Hata sahani yao kubwa ya "Sgt. Pepper" ya mwaka 1967, isifiwayo ulimwenguni kote, ilipewa wiki nyingi za kazi kwa mono na siku chache kwa stereo.

Matokeo yake ni kwamba mono na stereo ya wimbo mmoja si kitu kimoja katika vivazi viwili. Katika "Please Please Me", uliotolewa katika sahani ndogo Januari 1963, mchanganyo wa stereo ulitumia vipande vingine vya utepe, na karibu na mwisho John Lennon anasikika akikosea maneno na kucheka kidogo. Katika mono kosa hilo halimo. Katika "Help!" wa mwaka 1965 sauti ya mwimbaji katika sahani ndogo ya mono si ile iliyomo katika stereo, kwani ziliimbwa mara mbalimbali.

Kisa cha "I Am the Walrus" ni cha kuchekesha. Tarehe 29 Septemba 1967, wakati wa kuchanganya mono, redio iliunganishwa na mtambo, na maneno ya mchezo wa Shakespeare wa King Lear uliokuwa ukitangazwa na BBC yakaingizwa moja kwa moja katika wimbo. Maneno hayo hayakuwa katika utepe mwingine wo wote. Mafundi walipotaka stereo, hawakuwa na njia ila kuanza na stereo ya kweli, kisha katikati ya wimbo kuunganisha kipande cha mono kilichopakwa rangi ya stereo. Msikilizaji mwenye masikio makali husikia mahali hasa ambapo nyumba pana yageuka kuwa ukumbi mwembamba.

Kupaka rangi huko kulikuwa biashara kubwa Marekani. Kampuni ya Capitol ilikuwa na njia yake iliyoiita Duophonic: sauti ya mono iligawanywa, nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, na upande mmoja ukacheleweshwa kidogo. Neno la stereo likaandikwa kwa herufi kubwa juu ya jalada. Kilichouzwa kilikuwa mono iliyoharibiwa. Mnunuzi wa leo akikuta sahani ya wakati huo iliyoandikwa kwamba stereo yake imetengenezwa kwa mitambo kutokana na mono, ajue ni hiyo.

Wala haifai kudhani kwamba mono ya kweli yaweza kupatikana kwa kuziunganisha tu njia mbili za stereo. Sauti iliyomo katika njia zote mbili huongezeka inapounganishwa, na ile ya pembeni hubaki nyuma. Sauti nyingine zinazopingana katika njia hizo hufutana zikatoweka. Kwa sababu hiyo, makampuni ya Marekani yalipogeukia stereo, yaliendelea kwa miaka mingi kuvipelekea vituo vya redio sahani maalum zenye wimbo mmoja pande zote, mono huku na stereo kule.

Katika Uingereza mageuzi yalikuja mwaka 1969. "Get Back" wa Beatles, uliotoka mwezi wa Aprili, ulikuwa mono kwa Waingereza na stereo kwa Wamarekani. "The Ballad of John and Yoko", uliotoka tarehe 30 Mei, ndio uliokuwa wimbo wao wa kwanza kutolewa kwao katika sahani ndogo ya stereo.

TEPE ZILIZOPOTEA

Sasa ufikiriwe wimbo wao wa kwanza, "Love Me Do", uliotoka tarehe 5 Oktoba 1962. Uliimbwa mara kadhaa. Ule wa tarehe 4 Septemba, ngoma ikipigwa na Ringo Starr, ndio uliotiwa katika sahani ndogo za kwanza. Ule wa tarehe 11 Septemba, ngoma ikipigwa na Andy White aliyekodiwa kwa kazi hiyo, ndio uliotiwa katika sahani kubwa, na baadaye ukashika nafasi ya ule wa kwanza hata katika sahani ndogo. Siku zile hakuna aliyedhani kwamba nyimbo za vijana zingeulizwa tena baada ya miaka miwili. Kwa hiyo, mono ya sahani ilipokamilika, tepe za kazi hazikuhifadhiwa. Katika miaka ya 1980 kampuni ilipotaka kuutoa tena wimbo ule wenye ngoma ya Ringo, haikuwa na utepe wake. Ilibidi itafutwe sahani ndogo ya mwaka 1962 iliyo safi, iwekwe chini ya sindano kama aifanyavyo mtu ye yote nyumbani, na sauti inakiliwe kutoka humo. "She Loves You" wa mwaka 1963 nao ulisalia katika utepe wa mono tu; zile njia mbili za asili hazipo.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nyimbo hizo hazitapata stereo ya kweli kamwe. Lakini katika miaka ya karibuni pamepatikana programu za kompyuta zilizofundishwa kutambua mlio wa ngoma, wa gitaa na wa sauti ya mtu, na kuutenga kila mmoja hata zikiwa zimeshikamana katika mono. Giles Martin, mwana wa George Martin, alizitumia kwa kazi hiyo, na mwezi wa Novemba 2023 "Love Me Do" ulitolewa kwa stereo, pamoja na "She Loves You" katika mkusanyo wa nyimbo zao za 1962 hadi 1966. Wasikilizaji wengine wamefurahi. Wengine husema kwamba hawakuona upungufu wo wote hapo kwanza.

Mwenye sanduku la sahani nyumbani aanze kwa kutazama kibandiko cha katikati. Sahani ndogo za Uingereza za mwanzoni mwa miaka ya 1960 mara nyingi hazikuandikwa neno la mono wala la stereo, na kutoandikwa huko ni dalili ya mono. Kama mtambo wake una swichi ya mono, aifungue wakati wa kupiga sahani hizo: vumbi na mikwaruzo huifanya sindano iruke juu na chini, na kuruka huko, ambako katika sahani ya mono si sehemu ya wimbo, hufutwa njia mbili zinapounganishwa. Sahani zihifadhiwe zikiwa zimesimama wima, mbali na jua, kila moja katika mfuko wake. Na zile zilizoandikwa stereo zisiwekwe hata mara moja katika gramafoni ya babu kabla kichwa cha sindano hakijabadilishwa.